Ofisi ya nyumbani ya mwandishi wa programu: meza ya Keko, kiti cha mtumba na betri ya lithiamu

Chumba ninachofanyia kazi kina futi kumi kwa kumi, kipo Tabata, kina dirisha moja linalotazama magharibi na dari ya jipsamu iliyolala chini ya bati, na kwa miezi kumi na minane sasa ndicho ofisi yangu, kwa kuwa kampuni iliyoniajiri ipo Berlin na haina hata dawati moja upande huu wa dunia. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilipomweleza mama kwamba nashinda nyumbani nikiandika kodi (ndivyo tunavyoyaita maandishi ya programu), aliwatangazia majirani kuwa mwanawe ameajiriwa TRA, na sikupata nguvu ya kumsahihisha mpaka mpangaji mmoja alipokuja kuniuliza habari za namba ya mlipakodi.

Katika muda huo nimenunua meza mbili, viti viwili, inveta mbili za kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na skrini moja, na ukiona mtu amenunua kitu kilekile mara mbili ujue mara ya kwanza alinunua vibaya. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya vitu hivyo, hasa meza niliyochongewa na fundi wa Keko, kiti cha ofisi cha mtumba na betri ya lithiamu, kwa kuwa ndivyo vilivyokula fedha nyingi na ndivyo vilivyobadilisha hali ninayokuwa nayo jioni ninapoinuka kitini. Niseme mapema hukumu yangu: meza ya fundi inaishinda ya dukani kwa mbali, lakini kwa sharti kwamba vipimo uvitoe wewe na uvisimamie mpaka mwisho.

Meza ya kwanza ilikuja ndani ya boksi, ya MDF iliyobandikwa karatasi yenye michoro ya mbao. Ilipendeza kwa muda wa wiki kadhaa. Jioni moja ya masika nilisahau dirisha wazi, mvua ikapiga ukingo wa kushoto, na kulipokucha ukingo ule ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na kugandishwa kwa gundi. Ikishakunywa maji hairudi ilivyokuwa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha kuiharibu polepole hata bila mvua, hasa kwenye matundu ya skrubu ambako karatasi haifuniki kitu. Ilipofika miezi mitano, skrubu za miguu zilikuwa zinazunguka bila kushika, na meza ikawa inacheza kila nilipoandika kwa kasi. Niliigawa kwa kijana anayeuza vocha mtaani kwetu, naye aliitumia vizuri kuliko mimi, kwa kuwa haandiki.

Keko haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Dar es Salaam. Vitanda, makabati na mifupa ya sofa ambazo bado hazijavishwa kitambaa vimepangwa nje kando ya barabara, na nyuma yake mashine za randa zinalia tangu asubuhi, kiasi kwamba bei mnapatana kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Nilikwenda na mchoro niliouchora kwenye karatasi ya daftari: uso wa sentimita 160 kwa 75, miguu minne, na kabati dogo la droo mbili upande wa kulia. Fundi aliutazama, akaugeuza, akanakili vipimo kwa penseli kwenye kipande cha ubao, na pale penye kimo cha meza, ambapo mimi sikuwa nimeandika kitu, yeye aliandika 30 bila kuniuliza.

Inchi 30, yaani futi mbili na nusu, ni takriban sentimita 76. Ni kimo kizuri kwa meza ya chakula, ambapo mkono unapanda na kushuka na mlo wenyewe unakwisha kwa nusu saa. Kwa mtu anayeshinda na vidole juu ya kibodi, kimo hicho kinamlazimisha anyanyue mabega kutwa nzima, au apandishe kiti mpaka miguu ining'inie. Kanuni yenyewe ni nyepesi: ukikaa wima, mabega yakiwa yamelegea na nyayo zimelala chini, kiwiko kikakunjwa kama herufi L, kibodi inatakiwa iwe sawa na kiwiko au chini yake kidogo. Mimi nina urefu wa sentimita 161. Nilimwomba fundi kigoda, akaongeza vipande viwili vya ubao juu yake mpaka magoti yangu yakakaa sawa, kisha nikampa futi yake apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Alipima, akanitazama, akapima tena. Ilikuwa inchi 25 na nusu.

“Dada, hiyo ni meza ya chekechea,” alisema. “Siku ukitaka kuiuza, hutapata wa kuinunua.”

Nilimjibu kwamba siuzi, tukapatana inchi 26, ile nusu ya ziada ikiwa ni kwa ajili ya ndala. Mbao tulizochagua ni mninga kwa uso na miguu, na msonobari wa Mufindi kwa mbavu za droo, ambazo hazionekani. Mninga ni ghali, lakini ni mbao inayotulia: ikishakauka haijikunji wala kupanuka sana majira yanapobadilika, mchwa hawaipendi, na inapigwa randa mpaka inang'aa kabla hata ya vanishi. Bei ilikuwa shilingi 420,000, nikatoa nusu kama arubuni, naye akaahidi siku kumi.

Zilikuwa siku ishirini na nne. Sitalalamika sana juu ya hilo, kwa sababu kila aliyewahi kuagiza kabati anaijua ile Jumamosi ya fundi ambayo huja baada ya Jumamosi nyingine. Ninalolilalamikia ni kwamba siku niliyoitwa niliikuta meza ikiwa na inchi 30. Mkono ulikuwa umefuata mazoea. Zaidi ya hapo, chini ya uso, katikati kabisa, pale ninapotakiwa kupitisha mapaja, fundi alikuwa ameongeza droo ya tatu yenye kina cha inchi nne, na aliitaja kwa fahari kuwa ni zawadi. Tulifanya hesabu pamoja palepale: meza ya inchi 26, ukitoa inchi moja ya unene wa ubao na nne za droo, inabaki 21, ambayo ni kama sentimita 53, na paja langu likiwa juu ya kiti linafika 55. Zawadi ikang'olewa.

Kukata miguu minne ili ilingane ni kazi iliyonifundisha kuheshimu ufundi huu upya. Alipindua meza juu ya magunia, akaweka kipande cha ubao kuwa kigezo, akachora mstari kuzunguka kila mguu pande zote nne, akakata kwa msumeno wa mkono akisema mashine ingechana nyuzi. Ilipogeuzwa, ilicheza kwa kiasi cha unene wa sarafu. Hakuongeza kipande chini ya mguu mfupi kama nilivyodhani angefanya. Alichukua randa akapunguza ile mitatu mirefu, kidogo kidogo, akiisukuma meza kila mara kwa kiganja, mpaka ikaacha kujibu. Imepita zaidi ya mwaka na haijacheza hata mara moja, na maumivu ya katikati ya mabega niliyokuwa nayo enzi za meza ya boksi yaliondoka ndani ya wiki ya pili. Kwa kimo, uthabiti na mbao, naipa alama zote. Kwa droo ya chini ya lile kabati siipi, na nitaeleza sababu mwishoni.

Kiti ndipo nilipopoteza fedha kijinga zaidi. Cha kwanza kilikuwa kipya, cha ngozi bandia nyeusi, kina mgongo mrefu kama cha mkurugenzi, na nilikilipia shilingi 210,000 katika duka ambalo sitalitaja. Ngozi bandia na joto la Januari havipatani: jasho la mgongo halina pa kwenda, na baada ya masika moja uso wake ulianza kubanduka magamba yaliyonata kwenye nguo. Kisha mtungi wa gesi unaobeba kiti ukachoka, nikawa nakaa saa tatu asubuhi nikiwa mrefu na kufikia saa sita mchana nimeshashuka, kidevu kikikaribia meza.

Cha pili ni cha mtumba, kilichotoka katika ofisi fulani ya Ulaya na bado kina kibandiko cha namba ya mali chini ya kalio. Nililipa shilingi 320,000, ghali kuliko kile kipya, na muuzaji alishangaa nilipokataa kile cha ngozi alichokuwa nacho kwa bei ndogo. Mgongo wake ni wavu, kwa hiyo feni inanifikia. Mikono inashuka mpaka inaingia chini ya meza. Na kalio linasogea mbele na nyuma, jambo ambalo mtu mwenye mapaja mafupi huliona umuhimu wake siku ya kwanza. Anayekwenda kununua kiti cha namna hii asione haya kukaa dukani robo saa nzima. Akipandishe hadi mwisho, akae kwa uzito wote, kisha asubiri aone kama kinashuka; akivute kwa magurudumu yote matano juu ya sakafu tupu; ausukume wavu kwa ngumi aone kama unarudi; na apime kimo cha chini kabisa, kwa sababu viti vingi vya Ulaya haviteremki vya kutosha kwa watu wafupi. Changu kinaishia sentimita 43, mbili zaidi ya ninazohitaji, na mabaki ya miguu ya mninga yaliyokatwa pale Keko ndiyo yaliyotengenezewa kikanyagio.

Skrini sitaizungumzia kwa urefu uleule, kwa kuwa hainipi shida. Nilinunua Dell U2412M iliyotumika, kwa shilingi 220,000, baada ya kuipita mara kadhaa kwenye maduka ya Kariakoo nikiidharau kwa uzee wake. Ni skrini ya inchi 24 iliyotoka mwaka 2011, na ubora wake kwa mwandishi wa programu uko kwenye umbo: ina nukta 1920 kwa 1200, wakati skrini nyingi za siku hizi za ukubwa huo zina 1920 kwa 1080. Nukta 120 za ziada kwenda chini ni mistari kadhaa ya programu ambayo huhitaji kuitafuta kwa kusogeza ukurasa, na stendi yake inapanda, inashuka, inageuka, na hata inalala ubavu ukitaka kusoma faili refu kwa wima. Tahadhari ni moja: haina tundu la HDMI. Ina VGA, DVI na DisplayPort, kwa hiyo mwenye kompyuta mpakato ya kisasa ajue kwamba atahitaji waya wa kutoka USB-C kwenda DisplayPort, na asikubali kuuziwa skrini na waya wa VGA kisha akalaumu macho yake kwa ukungu wa herufi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe ikiwa nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utazame kona zote nne.

Sasa umeme, ambao ndio uliochukua akili yangu nyingi kuliko vyote. Kompyuta mpakato ina betri yake, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba umeme ukikatika kazi inaendelea. Haiendelei. Ruta inazimika, skrini inazimika, feni inasimama, na ndani ya dakika kumi chumba chenye bati juu kinakuwa tanuri. Nilianza na UPS ndogo ya VA 650, kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, kile chenye umbo la tofali. Ndani yake mna betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani jumla ya wati-saa 84, nazo zilinipa robo saa ya skrini na ruta huku kifaa chenyewe kikipiga kelele kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Si kosa la kifaa. Kilitengenezwa kumpa mtu nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa heshima, nasi tunakitaka kitubebe mpaka jioni.

Hatua iliyofuata ilikuwa inveta ya bei ndogo na betri ya gari, na hapo nilikosea mara mbili kwa pamoja. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha ijazwe mara moja. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, inakufa, na yangu ilikufa kabla ya mwezi wa nane. Inveta nayo haikutoa wimbi laini la umeme kama lile la ukutani, ilitoa wimbi la ngazi ngazi, ambalo taa hazilijali lakini mota ya feni inalilalamikia kwa mlio mzito, na chaja ya kompyuta ilikuwa inachemka kuliko kawaida. Mikutano yote ya kipindi kile wenzangu wa Berlin waliisikia ikiwa na nyuki ndani yake.

Betri niliyo nayo sasa ni ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, volti 12.8, saa-ampea 100, kwa hiyo inabeba wati-saa 1280. Niliinunua kwa shilingi 950,000, na inveta ya wati 1000 yenye wimbi laini na chaja ndani yake ikanigharimu 400,000 nyingine. Kabla ya kununua nilifanya jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye: niliazima kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi nikapima kila kitu ninachokitumia, badala ya kusoma namba zilizoandikwa kwenye chaja, ambazo ni za juu kabisa. Kompyuta yangu hula wastani wa wati 45, skrini 24 nikiwa nimepunguza mwanga, ruta na kisanduku cha faiba 15 kwa pamoja, feni 45. Jumla ni 129, na ukihesabu kinachopotea ndani ya inveta weka 145. Ukiacha sehemu moja ya kumi ya betri bila kuigusa, unabaki na wati-saa 1150 hivi, ambazo zikigawanywa kwa 145 ni karibu saa nane. Siku nilipoijaribu kweli, kuanzia saa mbili asubuhi, ilinifikisha saa tisa na nusu alasiri, na nusu saa iliyopungua sikuidai kwa mtu, kwa sababu mchana ule nilikuwa nimechomeka simu ya mama pia.

Betri hizi huvumilia kujazwa na kutumiwa maelfu ya mara, hazitoi mvuke wa asidi ndani ya chumba unacholala, na uzito wake ni chini ya nusu ya betri ya risasi yenye ujazo uleule. Zina masharti yake, hata hivyo. Chaja lazima iwe ya lithiamu, inayofika volti 14.6 kisha inaacha, kwani chaja ya kizamani ya betri za risasi inaweza kuichanganya au kutoijaza. Betri iwekwe mbali na dirisha lenye jua. Na fundi umeme aweke nyaya nene na fyuzi karibu na betri yenyewe, si karibu na inveta. Fundi wa kwanza aliyekuja aliniambia fyuzi si lazima. Nilimlipa nauli nikamtafuta mwingine. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba kipima volti cha inveta kilinionyesha jioni nyingi umeme wa ukutani ukishuka hadi 185, wakati unatakiwa uwe karibu na 230, na hapo nikaelewa kwa nini feni huzunguka kivivu saa moja usiku na kwa nini jokofu la jirani lilikufa likiwa na stabilaiza iliyozimwa. Sasa volti zikishuka, inveta inahamia kwenye betri yenyewe, nami sijui mpaka nione taa yake imebadilika rangi.

Kuhusu intaneti nina machache. Faiba inatosha, na kasi ya megabiti 20 inamtosha mwandishi wa programu anayefanya mikutano ya video, kwa kuwa tunayoyatuma ni maandishi zaidi ya kitu kingine. Kinachosahaulika ni kwamba ruta yako kuwa na umeme hakusaidii kama vifaa vya mtoa huduma huko mtaani havina akiba yake. Umeme wa mtaa mzima ukikatika, faiba yangu hudumu saa mbili hivi kisha hufa, na hapo simu yenye bando la mtandao mwingine huchukua nafasi. Hata hiyo ina mipaka yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zinazotuletea intaneti zilipopata hitilafu, faiba na simu ziliyumba pamoja Tanzania na nchi kadhaa jirani kwa siku kadhaa, na hakuna betri ya chumbani inayotibu hilo. Kwa sababu hiyo nimeweka ndani ya kompyuta nakala za miongozo ya lugha ninazotumia na maktaba zote za mradi, yaani programu za wengine ambazo yangu inazitegemea, na kazi naihifadhi kwa Git, ambayo inakuwezesha kurekodi kila hatua ya mabadiliko bila mtandao kisha uyatume kwa mkupuo mawasiliano yakirejea. Waya wa ethaneti kutoka kwenye ruta hadi mezani, mita nane, shilingi 12,000, umeondoa kukatikakatika kwa sauti kuliko vifaa vyote vya ghali nilivyoshauriwa kununua.

Joto ndilo ambalo sijalishinda. Saa za kazi zenyewe zinanielemea: mkutano wa saa 3 asubuhi ya Berlin kwangu ni saa nne wakati wao wana majira ya joto, na ni saa tano wao wakiwa na baridi, maana yake ni kwamba miezi ambayo Dar es Salaam inaungua, Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ambayo ninamaliza kazi nikiwa nimechelewa zaidi, na dirisha la magharibi likiwa limenipiga jua tangu saa tisa. Niliigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni, kwa sababu likiwa nyuma linang'arisha skrini na likiwa mbele linakuchoma macho. Nikatundika pazia zito, na juu yake khanga mbili zilizoshonwa pamoja, ambazo kwa kweli zinazuia mwanga kuliko pazia. Kiyoyozi nilikikataa baada ya hesabu: hata kile kidogo kabisa hula wati mia kadhaa, na Luku isingenisamehe, wala betri isingekibeba kwa muda wa maana.

Kelele ni suala la bahati ya jirani. Nyuma ya ukuta wangu kuna mafundi wa matofali wanaoanza saa moja asubuhi, na kipaza sauti cha masikioni chenye mkono wa maiki unaofika karibu na mdomo kiliwanyamazisha vya kutosha kwa wanaonisikiliza, ingawa mimi mwenyewe bado nawasikia. Muuza vitumbua anayepita saa nne sijamzuia na sina nia ya kumzuia.

Sasa ile droo ya chini. Mbavu zake za msonobari hazikuwa zimekauka sawasawa zilipotengenezwa, na masika yalipofika zilivimba ndani ya fremu ya mninga, ambayo yenyewe haikusogea hata kidogo. Ikawa inafunguka nusu kisha inagoma, na mara moja ilinibakia mkononi kishikizo. Nilimpigia fundi, akaja mwenyewe na randa ndogo ndani ya mfuko wa rambo, akaitoa droo, akaipaka mshumaa, akaona haitoshi, akaipiga randa pande zote mbili mpaka ikafunguka kwa kidole kimoja. Alikataa malipo, akapokea hela ya soda. Hiyo ilikuwa Mei, mbao zikiwa bado zimeshiba mvua. Sasa kiangazi kimeingia, msonobari umekauka na kunywea, na droo iliyokuwa haifunguki imekuwa haifungiki: kila ninapoegemea meza inateleza yenyewe na kunigonga gotini. Nimempigia tena. Anasema tusubiri masika.